Chakula cha Mama Mkwe Wangu Hakikuwa na Sumu

Nimekosa. Naomba nilitangulize hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi kidogo tu nitajitetea. Nimemkosea mama aliyemzaa mume wangu, na nimemkosea nikiwa na akili zangu timamu, nimelala kitandani, nasikia kila neno.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nina duka la vitenge na nguo za watoto pale Nkwenda, huku Kyerwa. Jina langu sitaliandika. Mume wangu ananunua kahawa, na kwao ni Rugera, upande wa Karagwe, ambako mama yake anaishi mpaka leo kwenye shamba lake la migomba na mibuni. Huyo mama ndiye ninayetaka mumjue, kwa sababu nimemharibia jina.

Nilikuwa mnene. Sisemi unene ule wa kupendeza, wa kuvaa kitenge watu wakageuka. Huo niliupita zamani. Mimi nilikuwa mnene wa kukikagua kiti kabla ya kukikalia. Ngazi fupi ya dukani ya kushushia majora ya juu ilinishinda, nikawa nawaambia wateja ile rangi imekwisha, kumbe ipo, iko juu pale inanitazama. Magoti yaliuma, sukari ilipanda, na usiku mume wangu alikuwa ananitikisa kwa sababu pumzi ilikuwa inakatika.

Daktari mmoja huko Mwanza alinipima, akaniambia bila kuzunguka kwamba nikiendelea vile watoto wangu watalelewa na mtu mwingine. Ndipo aliponieleza habari ya upasuaji. Wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, wanakuachia kidogo tu, unakuwa unashiba kwa vijiko vichache. Nikakubali palepale.

Shida ikawa ni kuwaambia watu.

Hamjui kwetu nyie! Mimi nimezaliwa kwa wafugaji, na kwetu binti akiolewa mwembamba, aibu ni ya mama yake. Watu wanauliza, maziwa yalikwenda wapi? Mimi niliolewa nina miguu ya korongo. Mama mkwe wangu hakunicheka, alinilisha. Kila nilipojifungua alikuja Nkwenda na mikungu ya ndizi na kuku wake, akanipikia mpaka mashavu yakajaa, halafu akanipeleka kanisani akinitembeza mbele za watu. "Mtazameni mke wa mwanangu," alikuwa akisema. "Kwangu hakuna njaa."

Sasa mama huyo nimwambieje kwamba nakwenda kuwalipa watu wanikate tumbo ili nisile? Na nikikonda ghafla watasema nini? Mnajua watakavyosema. Watasema nimeupata ule ugonjwa.

Basi nikadanganya. Nilisema nina uvimbe kwenye kizazi na nakwenda kuutoa. Uongo huo niliuchagua kwa ujanja kabisa, kwa sababu mwanamume wa kwetu haulizi maswali ya kizazi. Mume wangu aliposikia neno hilo alitazama chini, akasema, "Basi Mungu atusaidie," akarudi kwenye magunia yake. Ulikuwa msimu wa kahawa, hakuwa na nafasi ya kunisindikiza, nami nilishukuru moyoni.

Aliyejua ni mtu mmoja tu, jirani yangu wa duka. Nitamwita Bi Zuhura. Ni mama wa Kiislamu, babu yake alitoka Tanga kuja kufanya biashara huku, na mdomo wake bado ni wa Tanga. Yeye ndiye aliyekubali kwenda nami Mwanza.

"Shoga, njia ya mwongo ni fupi," aliniambia siku ile, huku anakunja khanga zake. "Mwambie mumeo. Mume ni wako, tumbo ni lako, unamficha nini?"

"Nitamwambia nikipona."

"Ukipona utasema ya nini tena? Haya, mie simo. Nitakubebea mkoba tu."

Nikaanza kujiandaa. Hospitali walinipa masharti. Siku nyingi kabla ya kulazwa nilitakiwa ninywe vitu vya majimaji tu, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, uji mwepesi, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanya kazi yake. Sasa mtu mnene anayekataa matoke nyumbani kwake anasema nini? Nikasema nimefunga. Nimefunga kwa maombi ya upasuaji wangu.

Habari zikamfikia mchungaji. Jumapili akanisimamisha mbele ya kanisa zima akaniombea, akasema imani yangu ni mfano kwa akina mama wote. Nilisimama pale nimeinamisha kichwa, njaa inaniuma, na waumini wanasema amina. Mungu wangu, sijui nilikuwa nimeupata wapi ule uso mkavu.

Kisha kufungasha. Muuguzi alikuwa amenipigia simu akanitajia vya kubeba, nami nikavinunua kidogo kidogo kama mwizi. Magauni mapana yenye vifungo mbele, yasiyogusa tumbo. Kandambili zisizoteleza. Soksi ndefu za kubana miguu ili damu isigande. Dawa zangu za sukari. Kikombe kidogo cha mtoto, maana baada ya hapo nitakuwa nakunywa kwa kulamba. Kichujio. Unga wa lishe wa kukoroga kwenye maji. Ule unga niliumimina kwenye mfuko wa sabuni ya unga, na zile soksi nikazificha ndani ya pakiti ya pedi, kwa sababu nilijua hapo hakuna mkono wa mtu utakaopekua.

Muuguzi yule aliniambia na jambo jingine, nalo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alisema, "Mama, njoo na yule mtu anayekupikia nyumbani. Huyo ndiye tunayetaka kumfundisha. Wewe ukirudi utakuwa dhaifu, yeye ndiye atakayekulinda."

Nikamjibu kwamba ninaye. Nikaenda na Zuhura, ambaye hajawahi kunipikia hata chai.

Siku moja kabla ya safari mama mkwe alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu, ametoka Rugera na vumbi lake lote, amekumbatia kikapu. Nilipiga magoti nikamsalimu shikamoo, naye akaitikia huku macho yake yako kwenye begi langu.

"Umelifunga vibaya," alisema. "Sogea."

Akalimwaga lote kitandani! Alikunja kila nguo upya, akaiweka pakiti ya pedi pembeni bila kuifungua, akaunusa mfuko wa sabuni, akasema sabuni ya siku hizi haina harufu. Halafu akatia vya kwake. Shuka jeupe la zamani, limefuliwa mpaka limelainika. Chupa ya samli. Kahawa ya kutafuna, ile ya kwetu iliyochemshwa na majani na kukaushwa, ameifunga kwenye jani la mgomba, ya kuwapa watakaokuja kuniona wodini.

"Mimi pia nilipasuliwa kizazi," aliniambia, amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu. "Mume wako alikuwa shule bado. Usiogope. Ukiamka utaona kiu, halafu utaona njaa, na ukiona njaa ujue umepona. Wauguzi waliniambia kidonda kile kinataka chakula. Nikala siku ya pili, nikainuka. Ukirudi nitakuja nikupikie."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, naye alikuwa amenishika mkono. Nikamwambia, "Asante, mama." Alipoondoka niliitoa ile samli nikaificha dukani nyuma ya majora.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, sitaki kumsingizia mtu. Walinitoboa matundu madogo juu ya tumbo, wakafanya kazi yao, wakanisimamisha nitembee mapema kuliko nilivyodhani. Kabla ya kuruhusiwa walinieleza tena, mimi na Zuhura. Majimaji tu. Baadaye vitu laini vilivyosagwa. Chakula kigumu bado kabisa, kwa sababu mshono wa ndani ni mbichi na ukisukumwa unaweza kuachia. Daktari alirudia mara mbili, nami nikaitikia kwa kichwa mara mbili.

Nikarudi Nkwenda. Mama mkwe alikuwa ametangulia, jiko linawaka.

Siku za mwanzo nilimwambia kwamba daktari amesema uji. Akachuja uji, akaleta, nikalamba kwenye kikombe cha mtoto. Akanitazama. Kesho yake akaleta tena, akanitazama tena. "Uji gani huu wa siku zote?" aliuliza. "Wewe umetolewa uvimbe au umetolewa meno?" Mume wangu akacheka. Mimi nikacheka pia, nikashika tumbo.

Hakuwa na ubaya wowote, jamani. Alikuwa anamhudumia mgonjwa wa kizazi, kama yeye alivyohudumiwa. Kila alichokijua kuhusu kizazi kilikuwa sahihi kabisa. Mgonjwa ndiye aliyekuwa wa uongo.

Kisha wakaja akina mama wa kanisa kuniona, wamejaa sebule, na mdogo wangu Devota naye alikuwepo, amekuja kutoka kwetu. Kule ukweni kwangu kuna desturi kwamba mgonjwa akirudi kutoka hospitali, wageni hawagusi chakula mpaka mwenyewe ameonja. Ndiyo alama kwamba nyumba imeshapata nafuu. Mama mkwe aliingia na sahani, matoke laini na paja la kuku wa kienyeji aliyemleta mwenyewe kutoka Rugera, akakaa mkekani mbele yangu.

"Kula, mwanangu. Wageni wana njaa."

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema. Ningeweza kusema sijisikii. Ningeweza kusema ukweli. Lakini mama mmoja akasema, kwa utani tu, "Au siku hizi anaogopa kunenepa?" Wakacheka wote. Nikaona siri yangu imesimama mlangoni inataka kuingia. Nikapokea kijiko.

Nilikula. Tonge la kwanza, la pili, na kipande cha nyama. Nilijua ninachokifanya. Mama mkwe alipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, wakaanza kula.

Kesho yake mchana nilianza kusikia maumivu chini ya mbavu, yakapanda mpaka bega la kushoto. Nikatapika. Jioni mwili ulikuwa wa moto na moyo unakwenda mbio. Mume wangu aliniingiza kwenye gari la mizigo tukakimbilia hospitali ya karibu, Devota amenishika kichwa. Daktari wa zamu aliniuliza nimefanyiwa nini, na mbele ya mume wangu na mdogo wangu nikasema kizazi. Nakufa, na bado nasema kizazi!

Alifunua nguo, akayaona yale matundu yaliko, akawaomba watoke nje. Nikabaki naye. Ndipo nikamwambia, na nikamsihi asiwaambie. Akanijibu kwamba siri ni yangu, si yake, lakini ningemwambia mapema tungeokoa muda. Wakanirudisha Mwanza kwa gari la wagonjwa. Mshono ulikuwa umeachia. Wakanifungua tena, safari hii kwa mkato mrefu, wakaniwekea mipira, nikalala huko muda mrefu kuliko nilivyowahi kulala popote.

Yule daktari alitunza siri yangu kama nilivyomwomba. Nje aliwaambia tu kwamba kuna tatizo kubwa tumboni. Sasa nyie fikirieni. Mtu amekula kwa mama mkwe leo, kesho anatapika anakufa, na daktari hasemi ni nini. Kwa watu wa kwetu jibu moja tu linabaki.

Devota ndiye aliyenipigia simu nikiwa bado na mipira puani.

"Dada, usiogope," alisema. "Tumeshamjua."

"Mmemjua nani?"

"Aliyekulisha. Kile kipande cha shamba ulichogombania na mama mkwe wako mwaka ule, unafikiri amesahau? Kaka zetu wamekwenda Rugera. Mumeo mwenyewe amesema hatakula tena kwa mama yake. Wewe pona tu."

Zuhura, aliyenifuata tena Mwanza, alikuwa ameketi pembeni yangu, simu inasikika. Alinikazia macho. Sentensi moja tu ilitosha. Devota, mimi nilikatwa tumbo kwa hiari yangu na nilikatazwa kula. Basi.

Nikasema, "Mimi nimemwachia Mungu."

Hayo ndiyo maneno yangu, na ndiyo niliyoyaandikia ungamo hili. Nilijiambia kwamba sijamtaja mtu, sijamsingizia mtu. Lakini kwetu mtu akikosewa na akajua nani kamkosea, ndivyo anavyosema. Devota akayachukua maneno yale akayapeleka kwa kaka zangu, kaka zangu wakayapeleka Rugera, na Rugera wakasema, mnaona? Hata mgonjwa mwenyewe anajua, ila ana moyo mzuri.

Zuhura alisubiri nikate simu. "Umemuua yule mama," aliniambia, akatoka nje kusali.

Niliporudi nyumbani mama mkwe hakuwepo. Nami nikaanza kukonda. Si ndicho nilichokwenda kukitafuta? Nilikonda kweli, mwezi kwa mwezi. Magoti yakapoa, pumzi za usiku zikatulia, nikawa naipanda ile ngazi ya dukani. Ningepaswa kufurahi. Lakini kila mtu aliyeniona alishika kifua. "Waitu jamani, angalia alivyomfanya." Kila gauni lililonipwaya lilikuwa ushahidi dhidi ya yule mama. Nilivyozidi kupendeza mbele ya kioo ndivyo yeye alivyozidi kuwa mchawi barabarani.

Na mimi nilinyamaza. Wiki zikawa miezi. Nilijiambia nitasema Pasaka, nikasema nitasema watoto wakifunga shule. Mume wangu alipita Rugera bila kuingia kwao, akirudi anakaa nje ya nyumba peke yake bila kuongea, nami najua anachokifikiria na ninampelekea chai. Mwanamume amempoteza mama yake akiwa hai, na mke wake anamkorogea sukari!

Kilichonivunja ni msiba. Alifariki mzee mmoja pale Rugera, jirani yao, tukaenda kuzika. Sasa mjue kwamba mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa mama wa jiko pale kijijini. Harusi, msiba, kipaimara, yeye ndiye aliyeitwa kwanza, ndiye aliyeamua ndizi zimenywe ngapi na sufuria zifunikwe kwa majani gani, na wasichana wote walijifunza kwake. Hakuwa na kisomo wala cheo. Jiko ndilo lililokuwa heshima yake duniani.

Alikuja na kisu chake kama kawaida, akakaa penye rundo la ndizi, akachukua moja. Wanawake wakaacha kumenya. Mmoja, wa rika lake, waliolewa kijiji kimoja mwaka mmoja, akainuka akamtoa kile kisu mkononi taratibu, kwa adabu kabisa. "Mama, wewe umechoka. Kakae na wageni."

Akainuka. Akajifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka. Akaja kukaa kwenye mkeka wa wageni, na nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa karibu nami. Akanisalimu kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama zamani, akaniuliza kama bado natapika.

Nililia, na watu wakadhani namlilia marehemu.

Kesho yake nilikwenda kwake peke yangu. Nilimkuta anatandaza kahawa juani. Nilipiga magoti palepale kwenye kahawa, nikasema yote tangu mwanzo, Mwanza, uongo wa kizazi, samli niliyoificha, simu ya Devota. Alinisikiliza bila kunikatiza, mkono wake unaendelea kutandaza.

"Tumbo zima walilikata?" aliuliza.

"Sehemu kubwa, mama."

"Wewe mwenyewe ulitaka?"

"Mimi mwenyewe."

"Na ulipokula kile chakula changu, ulijua kitakuumiza?"

"Nilijua."

"Mbona ulikula?"

"Watu walikuwa wananitazama."

Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini.

"Mimi nilikwenda kwa mchungaji nikatubu."

"Ulitubu nini, mama? Hukufanya kitu."

"Sikujua nimefanya nini. Nilisema kama mkono wangu una ubaya nisioujua, Mungu autoe. Zile sufuria nilizokupikia nimezifukia kule nyuma ya migomba. Nikasema labda kuna jani baya nilichuma. Labda yule kuku alikuwa na kitu. Mtu akiambiwa na watu wote, na mgonjwa mwenyewe amenyamaza, atajua nini? Nilianza kuamini, mwanangu. Nilikuwa siwezi hata kumpa mtoto wa jirani ndizi mbivu."

Mawe, mama yangu! Nilikuwa nimedhani nimemharibia jina tu mbele za watu. Kumbe nilikuwa nimemfanya ajiogope mwenyewe, mama mzima, jikoni kwake.

Nilimwomba msamaha. Hakunifukuza, na hakusema amenisamehe. Nilipomwomba kikombe cha uji, nikidhani labda nikila kwake kuna kitu kitakachorudi mahali pake, alinyoosha kidole kuelekea ndani.

"Unga uko pale. Koroga mwenyewe. Wewe sikupikii tena."

Nikakoroga, nikanywa, nikaosha kikombe, nikaondoka.

Mume wangu nilimwambia jioni ileile. Aliniuliza swali moja tu, kama nilikuwa namwona alivyokuwa akikaa nje peke yake. Nikasema nilikuwa namwona. Akachukua pikipiki akaenda Rugera akalala kwa mama yake, na siku hizi analala huko mara nyingi. Devota hanisemeshi. Hayo yote ni haki yangu, siyalalamikii.

Ninacholalamikia ni hiki. Ukweli wangu haukubaliki! Nimewaambia akina mama wa kanisa, nimewaambia majirani wa Rugera, Zuhura naye amekwenda kunishuhudia. Wananiitikia vizuri, nikigeuka wanasema mume wangu amenilazimisha ili kumsafisha mama yake. Wengine wanasema dawa za yule mama zimenipanda kichwani. Nikiwaonyesha makovu ya tumboni wanasema, maskini, angalia walivyomchana. Uongo niliusema mara moja, ukaenda wenyewe. Ukweli naubeba mgongoni nyumba kwa nyumba.

Ndiyo maana nimekuja kusema hapa. Wewe dada, au wewe kaka, unayejiandaa kwenda kufanyiwa upasuaji huu, nenda. Si dhambi, na mimi umeniokoa maisha. Lakini kabla hujafunga begi, mwite yule anayekupikia, mkalishe chini, mwambie wanakwenda kukata nini. Akikucheka, acha akucheke. Kicheko kinakwisha. Usimwache mtu akuhudumie kwa upendo ugonjwa ambao huna, kwa sababu siku mambo yakiharibika, upendo wake ndio utakaoitwa sumu. Na ukiwa umelala kitandani ukasikia mtu anasingiziwa kwa ajili yako, usijifiche nyuma ya jina la Mungu. Fungua mdomo.

Jina nimelificha, lakini wa kwetu mtakaosoma mtanijua tu, na mnijue. Msinihurumie, na msije kuniona. Nendeni mkale kwake.